Ukatili, dhuluma, ufisadi, ushenzi, ufirauni: neno lipi kwa tendo baya lipi?

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya kulaani tabia mbaya. Taabu iko kwenye kuchagua. Mwandishi wa habari anayeripoti mtoto aliyechomwa mikono, ofisa anayeandaa mashtaka ya nidhamu, mfasiri aliyekwama kwenye sentensi moja: wote wana ukatili, unyama, dhuluma, ufisadi, ufasiki, ufirauni, ushenzi, uhuni, ujeuri na ufedhuli mkononi. Wakifungua kamusi wanakuta maneno haya yanafasiriana yenyewe kwa yenyewe. Ukatili ni unyama, unyama ni ukatili, na mtu anabaki pale pale.

Kinachoyatenganisha ni kile kilichoharibiwa. Lipo neno la mwili ulioumizwa, la haki iliyonyang'anywa, la mali ya umma iliyoliwa, la heshima iliyovunjwa. Na yapo maneno ambayo hayataji kilichoharibiwa hata kidogo. Yanamtaja mtu tu na kumshusha. Asili ya neno mara nyingi huonyesha liko upande gani, ndiyo maana kila jozi hapa chini inaanzia kwenye asili. Ila asili haitoshi peke yake, kwa sababu sheria, magazeti na mtaa hulihamisha neno, na mwandishi anawajibika kwa maana anayoisikia msomaji wa leo.

Ukatili au unyama?

Ukatili umetoka kwa katili, na katili ni qaatil wa Kiarabu, yaani muuaji, kutoka kitenzi qatala, kuua. Kiswahili kimelipunguza makali: katili wetu si lazima awe ameua. Lakini damu haijatoka kabisa kwenye neno. Linataka maumivu, na linataka mtendaji ambaye maumivu ya mwenzake hayamgusi. Kumnyima mgonjwa maji kwa makusudi ni ukatili. Tusi la mara moja barabarani si ukatili, hata liwe zito namna gani. Matusi ya kila siku ndani ya nyumba yanaweza kuwa, na ndiyo maana nyaraka za ustawi wa jamii hutenga ukatili wa kimwili, wa kingono, wa kihisia na wa kiuchumi.

Unyama ni Kibantu. Shina lake, -nyama, ndilo linalotaja mnyama na kitoweo pia, na limeenea katika lugha nyingi za Kibantu. Neno hili halielezi maumivu. Linasema mtendaji ametoka katika utu. Kwa hiyo ni hukumu, si maelezo. Katika taarifa ya habari, ripoti ya polisi au ya daktari, andika ukatili, kisha taja tendo lenyewe. Katika tahariri au hotuba, ambako unatoa kauli yako, unyama una nafasi yake.

Hapa ndipo magazeti yanapokosea mara nyingi. "Aliuawa kinyama" imekuwa maneno ya mazoea, na haimwambii msomaji lolote: alipigwa, alichomwa, alifungwa kamba? Tena katika mtaa wa Tanzania kinyama sasa ni neno la kutia mkazo tu, "gari kali kinyama", sawa na kinoma. Neno linalosifia gari halina nguvu ya kubeba kifo cha mtu.

Uhayawani unaonekana kama tafsiri ya unyama, kwa kuwa hayawani ni mnyama kwa Kiarabu, lakini matumizi yameachana. Hayawani ni mtu asiye na akili wala haya. Anajisaidia njiani mbele ya wazee wake. Anayemchoma mtoto ni mnyama. Ukiyabadilishana, mkosaji wa haya unampandisha kuwa mtesaji, na mtesaji unamshusha kuwa mjinga.

Ukatili au dhuluma?

Jozi hii ndiyo inayowasumbua zaidi wanaoandikia nchi mbili kwa pamoja, na inastahili muda.

Dhuluma ni ya Kiarabu, kutoka dhulm. Wanalugha wa Kiarabu wa kale walilifafanua neno hilo kwa namna ambayo mpaka leo inafaa kama kipimo: kuweka kitu pasipo mahali pake. Shamba la yatima likiwa mikononi mwa ami yake, kitu hakipo mahali pake. Mshahara wa kibarua ukibaki mfukoni mwa tajiri, vivyo hivyo. Kwa hiyo dhuluma inahitaji haki inayotajika. Jiulize: huyu aliyetendewa ananyimwa nini ambacho ni chake? Ukipata jibu la jina moja (ardhi, mirathi, ujira, kura), dhuluma ndilo neno. Ukikosa jibu, ukabaki na jeraha tu, rudi kwenye ukatili.

Tanzania hufuata mgawanyo huo karibu sana. "Amenidhulumu" kwa kawaida humaanisha kuna fedha au mali haijarudi, na maumivu yana neno lake. Mpango wa taifa ulioanza mwaka wa fedha 2017/18, unaojulikana kwa kifupi cha MTAKUWWA, unataja ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Kenya, kwa tukio lile lile, utasikia na kusoma dhuluma za kijinsia na dhuluma za nyumbani. Si kosa. Wakenya wamelipanua neno hadi likaingia mwilini, na pia wanalo katika maana yake ya zamani kabisa wanapozungumzia dhuluma za kihistoria kuhusu ardhi, suala ambalo Katiba ya 2010 iliikabidhi Tume ya Kitaifa ya Ardhi.

Uamuzi basi unategemea msomaji yuko wapi. Kipeperushi cha kituo cha waathirika kinachokwenda Mombasa kiandike dhuluma za kijinsia. Cha Mwanza kiandike ukatili wa kijinsia. Kikienda kote kuwili, andika ukatili. Mkenya ataelewa bila shida, wakati Mtanzania anayesoma "dhuluma za nyumbani" anaweza kudhani ni ugomvi wa mirathi, akapita bila kujua kwamba nambari ya simu iliyo chini ilikuwa yake.

Ufisadi, rushwa, hongo au uhujumu uchumi?

Ufisadi una safari ndefu kuliko yote. Mzizi wa Kiarabu, fasada, ni kuharibika, kuoza. Inapendeza kuona Kibantu kilipita njia hiyo hiyo: -ovu ya uovu na -bovu ya embe bovu ni neno moja kwa asili. Kitu kilichooza kiliwapa watu wa lugha mbili zisizo na undugu picha moja ya tabia iliyoharibika.

Zamani fisadi wa Kiswahili alikuwa mharibifu wa watu, hasa mtongozaji wa wake na mabinti wa wenzake. Biblia ya Kiswahili ya Union Version bado imehifadhi maana hiyo: katika Wagalatia 5:19 ufisadi umepangwa pamoja na uasherati na uchafu, wala hakuna hazina ya serikali karibu. Msomaji kijana akifika hapo hudhani mtume anazungumzia zabuni. Qur'ani nayo, katika sura ya 30 aya ya 41, inataja ufisadi uliodhihiri bara na baharini, ambao ni uharibifu kwa upana wake wote. Kwa hiyo unaposoma au kunukuu maandishi ya dini na mashairi ya kale, usiingize maana ya leo.

Maana ya leo ni wizi mkubwa wa mali ya umma kwa kutumia cheo. Nchini Tanzania iliwaka hasa kuanzia 2007, mwaka ambao viongozi wa upinzani walisoma orodha ya watuhumiwa hadharani kwenye viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, kisha likaja sakata la EPA, akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu. Tangu hapo fisadi akawa mla nchi, na yule mharibifu wa mabinti akasahauliwa.

Kipimo cha rushwa ni chepesi: lazima kuwe na mtoaji na mpokeaji. Askari akichukua noti dirishani, hiyo ni rushwa. Mkurugenzi akijilipa kampuni hewa, hakuna aliyempa. Huo ni ufisadi. Hongo inafanana na rushwa na ndiyo inayosikika zaidi Kenya, pamoja na mlungula. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa ushuru ambao misafara ya biashara ililipa watawala wa bara ili iruhusiwe kupita, malipo ya wazi kabisa, yenye majadiliano na vitambaa na shanga. Aibu imeingia baadaye, ila ile hali ya kulipa ili upite imebaki ilivyokuwa.

Uhujumu uchumi ni neno la sheria. Hujuma ni shambulio, na Tanzania ililishika neno mwaka 1983, wakati wa msako dhidi ya walanguzi na waficha bidhaa chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Usilitumie kama kisawe cha kupendezesha sentensi. Mtu akishtakiwa kwa uhujumu uchumi, masharti ya dhamana yake na mahakama inayomsikiliza si yale ya wizi wa kawaida.

Majina rasmi yana maamuzi yake, na lazima yaandikwe yalivyo. Tanzania Bara ina Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, chini ya sheria ya 2007. Zanzibar ina Mamlaka ya Kuzuia Rushwa na Uhujumu wa Uchumi. Kenya ina Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi. Mfano bora wa pengo kati ya ofisi na mtaa ni divisheni ya Mahakama Kuu ya Tanzania iliyoanzishwa 2016: kwa sheria inaitwa ya Makosa ya Rushwa na Uhujumu Uchumi, lakini watu wote waliiita mahakama ya mafisadi. Kichwa cha habari kinaweza kufuata mtaa. Aya ya kwanza ifuate sheria, hasa kwa kuwa kumwita mtu fisadi kabla ya hukumu ni tuhuma ya jinai iliyovaa nguo ya sifa.

Ushenzi: neno la kuogopa

Katika orodha hii hili ndilo tunaloshauri uliweke chini kabla hujaliandika. Kama neno la kukemea linasikika fupi na kali: "Acha ushenzi!" Lakini halisemi umefanya nini. Linasema wewe ni mtu wa aina gani.

Wachunguzi wengi wa lugha hulihusisha mshenzi na zanj la Kiarabu na zangi la Kiajemi, jina la watu weusi wa pwani hii, ambalo pia limo ndani ya jina Zanzibar. Pwani, katika karne ya 19, mshenzi alikuwa mtu wa bara asiye Mwislamu, na kinyume chake kilikuwa muungwana: mtu huru, mwenyeji wa mji, mwenye dini, adabu na kanzu safi. Tofauti hiyo haikuwa ya maringo tu. Sheria ya Kiislamu haikuruhusu kumtia utumwani Mwislamu huru, kwa hiyo kuitwa mshenzi kulimweka mtu upande wa wale wanaoweza kukamatwa na kuuzwa. Baadaye ustaarabu ulichukua nafasi kubwa ya uungwana kama kinyume cha ushenzi, na neno hilo nalo limetoka kwenye kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kujifanya au kuwa kama Mwarabu. Neno mshenzi wakoloni walilipokea bila taabu: Wajerumani wa Afrika Mashariki waliandika "Schensi" katika Kijerumani chao kumtaja Mwafrika wa kijijini.

Kwa hiyo mwalimu anayemwambia mwanafunzi kutoka kijijini kwamba ana tabia za kishenzi anatumia, hata kama hajui, neno lililotengenezwa kuwadharau wazee wa mwanafunzi huyo. Badala yake taja kosa. Kama ametupa takataka ovyo, ni uchafu. Kama amemjibu vibaya mkubwa, ni utovu wa adabu. Kama amevunja utaratibu uliowekwa, ni utovu wa nidhamu. Neno linalotaja kosa humpa mkosaji kitu cha kurekebisha. Ushenzi humpa kitu cha kukasirikia tu, na mara nyingi hukasirika kwa haki.

Ndiyo, vijana husema "tamu kishenzi" na hakuna anayeumia. Mkazo huo ni wa mazungumzo, uache huko. Katika maandishi ya historia neno linaweza kubaki, ndani ya alama za nukuu, likihusishwa na aliyelisema.

Tofautisha pia adabu na nidhamu, kwa kuwa barua nyingi za onyo huyachanganya. Adabu ni ya mtu kwa mtu, inatazama heshima. Nidhamu ni mpangilio, nidhaam, inatazama kanuni. Mtumishi anayechelewa kila siku lakini anasalimia vizuri ana adabu, nidhamu hana. Barua ikimtuhumu kwa utovu wa adabu, atakata rufaa akiwa na mashahidi wa salamu zake, na ofisi itashindwa kwa neno moja.

Ufirauni au ufasiki?

Firauni ni cheo cha wafalme wa Misri ya kale. Katika Kimisri kilimaanisha nyumba kubwa, yaani ikulu, kabla ya kumtaja mfalme mwenyewe. Kupitia Qur'ani kikawa jina la dhalimu mwenye kiburi aliyejiita mola na kuwachinja watoto wa kiume wa Wana wa Israeli. Ufirauni kwa maana yake kamili basi ni mchanganyiko wa mambo mawili: ukatili, na kiburi cha mwenye mamlaka anayedhani hakuna aliye juu yake. Bosi anayetesa wafanyakazi wake huku akisema "nendeni kokote, mimi ndiye sheria" anastahili neno hili kuliko mhalifu mnyonge wa uchochoroni.

Tatizo ni kwamba wasikilizaji wengi husikia kitu kingine. Neno linafanana kwa sauti na kitenzi cha matusi cha tendo la ngono, ambacho hakina uhusiano nalo, na mfanano huo umelivuta kuelekea uasherati. Ukisema "ufirauni umezidi mjini", wengi hawatafikiria madikteta. Kama unakusudia udhalimu wa mtawala, ama liweke karibu na jina Firauni na kisa chake, ama andika udhalimu. Angalia pia msomaji wako ni nani: Biblia ya Kiswahili inamwita Farao, na Mkristo aliyekulia kwenye Farao huenda asiunganishe ufirauni na kitabu cha Kutoka.

Kama unakusudia kuvuka mipaka ya dini kwa wazi, hasa ulevi na zinaa, ufasiki ni sahihi zaidi. Waarabu walisema fasaqa kwa tende iliyochomoza nje ya ganda lake, na fasiki ni mtu aliyetoka nje ya utiifu namna hiyo. Ni neno la mimbarini. Katika ripoti ya serikali halina kazi.

Ujeuri na ufedhuli

Haya ni mepesi, na yote mawili yameshuka ngazi. Jawr ya Kiarabu ilikuwa udhalimu wa mtawala. Jeuri wa Kiswahili ni mtu wa makusudi, anayejua alichokatazwa na kukifanya mbele yako. Fudhuli wa Kiarabu alikuwa mdakizi, mtu anayejiingiza katika yasiyomhusu, kutoka neno lenye maana ya kuzidi. Fedhuli wetu ni mwenye majivuno na majibu ya dharau. Ujeuri huonekana kwa vitendo, ufedhuli zaidi kwa mdomo na uso. Mtoto anayekataa kuoga ni jeuri. Karani anayekujibu bila kukutazama ni fedhuli.

Uhuni

Maana ya awali ni ya mtu asiye na makao maalumu wala mke, mzururaji. Serikali ya kikoloni Dar es Salaam iliwaita wahuni vijana waliokuja mjini bila kazi, ikawakamata na kuwarudisha makwao. Na mwaka 1983 Tanzania huru ilifanya jambo linalofanana katika Operesheni Nguvu Kazi. Umaskini uliitwa kosa la tabia, na mwandishi wa leo asirudie kosa hilo kwa kuwaita wahuni vijana wasio na ajira.

Kenya, wahuni kwenye taarifa za habari ni watu wenye marungu waliokodiwa kuvuruga mkutano. Tanzania, uhuni unaweza kuwa uasherati, ujanja usio wa haki katika uchaguzi au biashara, na kati ya marafiki vijana "wahuni" ni jina la upendo. Neno lenye upana huo halifai katika maandishi ya mashtaka. Andika fujo, uharibifu wa mali, shambulio au udanganyifu, kulingana na kilichotokea.

Sarufi inayoangusha wengi

Maneno yanayoanza na u- hapa hayana wingi: ukatili huu, ufisadi ule. Ukitaka kuhesabu, sema vitendo vya ukatili, kesi za ufisadi. Dhuluma haimo kundini. Ni dhuluma hii, dhuluma hizi.

Majina mengi ya watendaji yenye asili ya Kiarabu hayahitaji m-: fisadi na mafisadi, fedhuli na mafedhuli, fasiki na mafasiki, jeuri na majeuri. "Mfisadi" husikika sana lakini usiiandike. Mhuni na mshenzi huchukua m- na wa-. Upatanisho wa wote ni wa watu: fisadi yule amekamatwa, mafisadi wale wamekamatwa.

Dhuluma ina kitenzi chake, kudhulumu, kwa hiyo "kufanya dhuluma" ni kurefusha bure. Ukatili hauna kitenzi kinachotumika, na hapo lazima useme kufanya ukatili au kutenda ukatili. Kufisidi kipo, lakini msomaji wa leo hukisikia kama kuharibu au kupotosha kuliko kuiba; kwa fedha za umma andika kufanya ufisadi, au bora zaidi, taja kiasi na kitenzi cha kawaida: aliiba, alijilipa, alighushi. Mwisho, angalia dhalimu na mdhulumiwa. Wa kwanza ndiye mtenda, wa pili ndiye mtendewa, na barua za malalamiko zinazoanza na "mimi kama mdhulumu" zinamgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa kwenye mstari wa kwanza.